Akyoo na Wenzake

Thomasi, konda wa basi la Nduruma, hakukusudia kusikiliza, ila siti ya mlangoni haina siri. Prisca, mwanafunzi wa udaktari, alikuwa anamweleza mama mmoja aliyemkuta humo jinsi alivyotafuta makala za kifua kikuu kwenye intaneti, akaziingiza kwenye programu ya kupanga marejeo ya tasnifu yake, nayo ikamwandikia "Akyoo na wenzake".

"Wenzake akina nani?"

"Wako wengi, mama. Programu inamtaja wa kwanza tu."

"Mwanangu, mimi ndiye mtangazaji wa harusi kwetu Meru. Mwaka juzi, kwenye shukrani, nilisema Mzee Nanyaro na wenzake. Wenzake walikuja jikoni wakachukua masufuria waliyotuazima, ndizi hazijaiva."

"Hawa ni wanasayansi, mama."

"Hawana masufuria?"

Prisca akasema kwa sauti ndogo kwamba tasnifu anaikabidhi leo, na msimamizi wake ni mmoja wa hao wenzake.

"Basi umekwisha," mama akasema kwa upole.

Basi likasimama. Thomasi akafungua mlango. "Haya, mama na wenzake, tumefika."

Hakuinuka mtu. Basi zima lilikuwa linasubiri majina.