Linah Cheruto, Aliyeleta Maziwa

"Chelagat, usimpoteze huyu mtoto. Aandike tu 'baada ya kuugua kwa muda mfupi', watu wote huandika hivyo."

"Muda mfupi gani, Kiplangat? Tangu mahindi yakiwa ya magoti mpaka tukavuna, huo ni muda mfupi?"

"Na ukitaja TB mbele ya kanisa, nani atanunua maziwa ya hii boma? Hata ng'ombe wetu watu wataanza kumkimbia."

"Wamkimbie ng'ombe, lakini waende wapimwe. Ama unataka tuseme tena ni vumbi?"

Mchungaji, wazee wetu, ndugu, jamaa na majirani, hayo ni maneno ya jana jioni jikoni kwetu, kati ya baba mdogo Kiplangat na shangazi Chelagat, wakati mimi, Jepkorir, kifungua mimba wa marehemu, nilikuwa nimekaa katikati yao nikiandika historia hii ambayo familia imenituma kuisoma, na leo asubuhi wote wawili wamekubali niyasome mbele yenu, kwa kuwa yanahusu afya ya kila mtu aliyeketi chini ya hema hili.

Marehemu Linah Cheruto alizaliwa tarehe 12 Machi 1981 nje kidogo ya mji wa Molo, akiwa mtoto wa tatu wa wakulima wa viazi, akasoma shule ya msingi huko huko hadi darasa la nane mwaka wa 1996, akapita vizuri, lakini hakuendelea na sekondari kwa sababu mwaka huo viazi viliozea shambani, na tangu hapo hakuacha kusoma chochote kilichoandikwa, hata kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari.

Tarehe 17 Desemba 2005 alifunga ndoa na baba yetu, marehemu Kiptanui, aliyekuwa akifanya kazi ya kupasua mbao hapa Elburgon, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka wa 2008 na ndugu yangu Kiplimo mwaka wa 2012, wakanunua ng'ombe, na Mama akaanza kuuza maziwa nyumba kwa nyumba akiwa na mtungi wake wa bati ambao wengi wenu mnaujua.

Baba alianza kukohoa mwaka wa 2014. Hapa kwetu mwanamume wa mashine ya mbao akikohoa tunasema ni vumbi la mbao, na yeye alisema hivyo hivyo, akanywa maziwa mengi ya kusafisha kifua kama wapasuaji wote wanavyofanya, akaendelea na kazi hadi damu ilipotoka, na kufikia hapo mapafu yalikuwa yamekwisha. Alituacha tarehe 3 Agosti 2015, ikasomwa mahali hapa kwamba amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, watu wakala, wakarudi makwao, na kabla ya mwaka kwisha wenzake wawili waliokuwa wakila naye mchana walikuwa wamezikwa, na wao pia ikasemwa ni vumbi.

Mwaka uliofuata Mama alijiunga na wahudumu wa afya wa kujitolea, akafunzwa dalili za TB, akafunzwa kwamba ugonjwa huu unatibika mtu akimaliza dawa, na kwamba mtu akiziacha katikati unaweza kurudi ukiwa sugu. Lakini waliopatikana nao hawakutaka mhudumu aonekane langoni kwao, wengine walimfungia mlango, mmoja alimwachilia mbwa. Ndipo Mama akavua fulana ya kazi, akachukua mtungi wake kama kawaida, dawa akaziweka kwenye kikapu chini ya kitambaa, na akifika mlangoni aliita kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Maziwa yamefika!" Kwa kuwa kila mtu hapa anaamini maziwa husafisha vumbi, hakuna jirani aliyeuliza. Ndani alimimina maziwa kikombeni, akatoa vidonge, akasimama pale pale.

"Meza nikiona, boss," aliwaambia wanaume wazima. "Mimi si mama yako wa kukuamini."

Dawa hizo bila chakula humtesa mgonjwa, kwa hiyo Mama alimwomba Maina mwenye mashine ya kusaga aweke gunia karibu na mlango, na kila aliyekuja kusaga aliacha kikombe kimoja cha unga bila kuuliza unaenda kwa nani. Wengi wenu mlilijaza gunia lile miaka yote, na leo ninaruhusiwa kuwaambia kwamba unga wenu ulifika. Siku moja redio ilisema ugonjwa huu huua zaidi ya watu milioni moja ulimwenguni kila mwaka, Mama akazima redio, akasema hao ni wengi mno kwake, yeye anataka tu Elburgon isiongeze hata mmoja, akachukua kikapu akatoka.

Mapema mwaka huu wa 2025 misaada iliyokuwa ikitoka nje ilipungua, nauli ya wahudumu ikakatwa, na dawa zikawa zinachelewa. Mama aliendelea kwa miguu, mara nyingine akiwa na maziwa peke yake kwenye mtungi na kikapu kitupu, na alipoita mlangoni sauti yake haikuwa ile. Mgonjwa wake mmoja aliyekosa dawa kwa wiki kadhaa alirudiwa na kikohozi, nyumba yake ni ndogo na ina dirisha moja lisilofunguka, Mama akawa anamhudumia humo. Sitamtaja. Mama alinikataza kumlaumu, nami simlaumu.

Mwezi wa Juni Mama akaanza kukohoa. Alipeleka makohozi siku hiyo hiyo, lakini majibu yalichukua muda mrefu, na yalipokuja yalisema ni TB sugu, dawa zikaanza mwili ukiwa umeshalegea. Niliacha shule nikiwa kidato cha tatu ili nimhudumie na kukamua ng'ombe. Habari zilienea, na watu wakaacha kuingia kwetu, wengine walivuka barabara wakiniona.

Halafu siku moja nilisikia mlangoni, "Maziwa yamefika!" Alikuwa mama mmoja wa mtaa wa chini, ana chupa ya maziwa yaliyochemshwa. Kesho yake akaja mzee mmoja, na maneno yale yale, kisha kijana wa boda boda, kisha mwingine. Ng'ombe wetu alikuwa na maziwa ya kututosha, nikamwambia Mama hawa watu wamechanganyikiwa. Mama alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na hapo nikaelewa kwamba maana halisi ya maneno hayo ilijulikana tu na wale aliowatibu, na kila aliyeyatamka alikuwa ananiambia, mimi ni mzima kwa sababu yake.

Mama alipelekwa hospitali mjini Nakuru mwishoni mwa Oktoba, akafariki tarehe 14 Novemba 2025, alfajiri, kwa ugonjwa wa TB sugu. Nimesema TB. Si vumbi, na haukuwa muda mfupi. Yeyote aliyekaa naye sebuleni kwetu, na hasa mwenye kikohozi kisichokwisha, nawaomba mwende kituo cha afya wiki hii mkapimwe, hamtalipa chochote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wahudumu wenzake waliombeba, Maina na gunia lake, majirani mliorudi na hata mlioogopa, kwa sababu leo mmekuja. Weka mtungi chini sasa, Mama, upumzike kwa amani, umetembea vya kutosha.

Kabla sijaketi, nimalizie habari ya jana. Baba mdogo aliondoka akiwa amekasirika, na wakati wote wa ugonjwa wa Mama alikuwa akituletea kuni kutoka kwenye mashine ya mbao anakofanya kazi, akiziacha langoni na kurudi zake. Leo asubuhi, hema likiwa bado halijasimama, nilisikia hodi, nikafungua, nikamkuta amekamua ng'ombe yeye mwenyewe, ameshika mtungi wa Mama kwa mikono miwili, macho yake chini, akasema:

"Maziwa yamefika, Jepkorir. Andika TB. Na uwaambie hata mimi nilikunywa."