Bolti Nilizosema ni Mpya

Msinipigie makofi bado. Makofi ni ya mtu aliyemaliza kusema, na mimi hata kuanza naogopa. Shikamooni wazee wangu. Ninyi wenzangu wa kikundi hiki cha Alhamisi, cha sisi tuliokimbia pombe, mmeniona miezi saba nimekaa pale nyuma karibu na mlango, nakunywa chai yenu na kunyamaza. Mwenyekiti kanibembeleza mpaka kachoka. Leo nimesimama mwenyewe, kwa hiyo mnivumilie, maana mimi ni mtu wa spana, maneno yananipa tabu.

Ni fundi wa injini za dizeli, gereji yangu iko Mirongo. Nimeifanya kazi hii miaka ishirini na mbili, na kuna kipindi watu waliniita Mkono wa Mizani. Jina hilo nililitafuta kwa mdomo wangu. Nilikuwa najisifu kwamba kiganja changu kinapima kuliko spana ya kipimo, ile inayoonyesha umekaza kiasi gani. Nikimkuta mwenzangu kashika kitabu cha injini, namwambia akakisomee chuoni Butimba pamoja na walimu. Jamani, nilikuwa na mdomo mimi!

Mama zangu, nisiwaache nyuma. Injini ina kichwa, tunakiita silinda hedi, na kichwa hicho kinafungwa kwa bolti. Unapochemsha makande ukaona mfuniko unainuka, si unaweka jiwe juu? Basi bolti ndiyo hilo jiwe. Sasa kuna injini zenye tabo, kile kifaa kinachoshindilia hewa ndani. Hizo zinasukuma hedi kwa nguvu kubwa zaidi. Bolti ukiikaza inavutika kidogo, na kule kuvutika ndiko kunakobana. Ikivutika kupita kiasi hairudi tena. Inabaki ndefu kwa unene wa ukucha, imechoka, na ukiiangalia harakaharaka huoni kitu. Kwa injini kama ya kaka yangu, kitabu kinasema ukifungua hedi bolti zote ni za kutupa, weka mpya. Tena si mpya yoyote, maana zipo za injini isiyo na tabo, zinaingia kwenye matundu yaleyale, lakini hazina nguvu hiyo.

Sisi mafundi tuna desturi yetu. Tunaziosha za zamani kwa dizeli, tunazipiga brashi ya waya mpaka zing'ae, tunarudishia. Tunachomeka bomba kwenye mkono wa spana, tunakaza mpaka kiganja kiseme basi. Mafundi mko wangapi humu? Msiangalie chini, mnanielewa vizuri sana.

Kaka yangu, tumbo moja baba mmoja, alikuwa na lori. Alikuwa akibeba ndizi kutoka kwetu Kagera kuja hapa Mwanza. Baba alipofariki yeye ndiye aliyenilea, na ile gereji ni yeye aliyenifungulia. Siku moja lori likaanza kupoteza maji. Nikafungua hedi, nikakuta gasketi, ile shiti inayoziba chini ya hedi, imeungua. Gasketi mpya ninayo, sasa bolti. Dukani mjini nikapata za injini isiyo na tabo, nikaziacha, angalau kwa hilo nilikuwa na akili. Za kwake zenyewe zilikuwa Dar, zingekuja na basi, siku mbili. Lakini asubuhi nilishatamba mbele ya mafundi wote wa mtaa kwamba lori lile linatoka leoleo. Nikaziangalia zile kumi na nane za zamani, nikasema mbona nzima hizi. Nikazitumbukiza kwenye dizeli, nikachukua brashi.

Kaka akaja zikiwa zimepangwa kwenye gunia, zinang'aa. Akaokota moja, akaigeuzageuza.

"Hizi mpya?"

"Mpya kabisa, kaka. Mimi nikufungie takataka wewe?"

"Haya. Wewe ndiye fundi, mdogo wangu."

Safari ya kwanza akaenda, akarudi. Ya pili akaenda, akarudi, nikazidi kuvimba kichwa. Ya tatu, akiwa anarudi na mzigo, kwenye mwinuko kabla ya kufika Geita, akanipigia simu. Ilikuwa saa nne asubuhi, nina chapati mkononi.

"Mdogo wangu, mshale wa joto umepanda. Nimesimama. Maji kwenye kichupa cha akiba yanatoa mapovu. Nifanyeje?"

Mapovu, ndugu zangu. Fundi akisikia mapovu hahitaji kuambiwa zaidi. Moto wa injini umepenya kwenye gasketi, unaingia kwenye maji. Hedi imeinuka, bolti zimeachia. Nililijua hilo kabla hajamaliza kusema. Nilitakiwa nimwambie azime injini, akae mbali nayo, nakuja. Lakini nikisema hivyo atauliza kwa nini, na kwa nini yake inaishia kwenye bolti. Basi nikamwambia, "Hiyo ni rejeta tu, imechoka. Usizime, tabo itaungua. Iache injini ilie polepole, fungua mfuniko uongeze maji."

Akanitii. Mtu mwenye miaka thelathini barabarani, akanitii mimi. Akashika kitambaa, akazungusha mfuniko, na maji yaliyokuwa yakisukumwa na injini yakamrukia usoni. Watu waliokuwa wakipalilia mihogo jirani ndio waliomkimbilia. Waitu, ndugu zangu, habari ile nililetewa chapati yangu haijapoa.

Macho yake yote mawili yalikwenda. Daktari alituita sisi ndugu akatuambia taratibu kwamba hayatarudi. Wote wakageuka kuniangalia mimi fundi, niwaeleze imekuwaje. Nikasema ni rejeta, ile ya kupoozea maji ya injini. Wakailaani ile rejeta kama mchawi. Shemeji yangu, mke wa kaka, akanishika mkono akanishukuru kwa kulala na mume wake hospitali. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baada ya hapo, mengine mnayajua, maana wengi wenu mmepita njia hiyohiyo. Nilikunywa. Mkono wa Mizani ukaanza kutetemeka, nikawa hata nati siwezi kuianzisha. Wateja wakaondoka mmoja mmoja, bila ugomvi. Lori la kaka lilikuwa limevutwa mpaka gerejini kwangu, nikalifunika turubai ili nisilione, na kila siku nilikaa nikilitazama lile turubai. Kuna siku nilikwenda kukaa kwenye mawe ziwani, nikaona sina sababu ya kurudi nyumbani. Nilirudi kwa sababu jua lilikuwa kali, basi. Nisiwadanganye kwamba nilisikia sauti.

Ulipita mwaka na kitu. Asubuhi moja nikamwona shemeji anaingia gerejini, kamshika kaka mkono. Kaka ana mfuko.

"Toa turubai," akasema. "Fungua hedi."

"Kaka, ya nini tena?"

"Mwaka mzima nimelala nikiwaza yale mapovu. Fungua."

Nilifungua. Shemeji akamkalisha kwenye benchi, akamshikia mfuko. Kaka akatoa kwenye mfuko bolti moja mpya aliyoagiza Dar, ya injini ileile yenye tabo. Akaniambia nimpe za kwenye lori, moja moja. Akawa anaisimamisha ya zamani kando ya mpya juu ya ubao, anapitisha kidole juu ya vichwa vyake. Halafu anapapasa katikati, pale inapokuwa imenyongeka na kuwa nyembamba. Anaiweka pembeni, ananyoosha mkono, "Nyingine." Zote kumi na nane. Mafundi wa mtaa walikuwa wamesimama kumtazama.

"Uliniambia mpya."

Hapo ndugu zangu, rejeta ilikuwa mdomoni. Nawaapia, nilikuwa tayari kuisema tena. Nikamwangalia shemeji, nikaona ameshaelewa, machozi yanamtoka, na bado hajauachia mfuko. Nikasema, "Nilikudanganya, kaka. Na mapovu niliyajua."

Akaiweka ile bolti mpya pembeni. Kisha akasema, "Ningesubiri. Siku mbili tu? Ningesubiri." Akanyanyuka, wakaondoka.

Toka siku hiyo sijaonja pombe. Msiandike kwamba nimeokoka na furaha, kwa sababu furaha sina. Niliacha kwa kuwa hakukuwa na kitu tena cha kuficha. Baada ya miezi mitatu kaka alirudi, akakaa kwenye benchi lilelile, akasema, "Lete bolti." Hakueleza, sikuuliza. Sasa anakuja kila Jumanne na Ijumaa. Kila bolti ya hedi inayofungwa kwangu inapita kwanza kwenye vidole vyake, halafu nakaza kwa spana ya kipimo, kitabu kimefunguliwa. Akisema hapana, mteja anasubiri basi la Dar.

Nawashukuru ninyi kwa chai na kwa kutonilazimisha. Namshukuru shemeji yangu, ambaye ana haki ya kunitemea mate na badala yake ananifungashia chakula cha mchana pamoja na cha mumewe. Sijui anapata wapi roho hiyo. Nanyi mafundi, bolti iliyovutika itupeni. Mteja akiuliza kama ni mpya, mwambieni ukweli, hata kama mtaa mzima utawacheka mpaka kesho kutwa.

Kaka yuko hapo nje kwenye kivuli. Nilimwomba aingie, akasema, "Nenda kaseme. Ukisema rejeta, nitakusikia dirishani." Hajasema amenisamehe. Ananiita fundi. Fundi lete, fundi shika, fundi hii haifai. Mara ya mwisho kuniita mdogo wangu ilikuwa kwenye ile simu ya mwinuko wa Geita, alipokuwa ananiuliza afanyeje.

Jina hilo ndilo ninalolitaka, na huenda nikafa sijalisikia. Lakini yeye alisema angesubiri. Na mimi nasubiri.