Mama Vitambaa wa Kiwanda cha Hamira, 1951–2025

Bibi yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Vitambaa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Alisoma hadi darasa la saba. Baba yake alipofariki aliacha shule, ila maswali hakuyaacha.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika kiwanda cha hamira, kufua vitambaa vya mashine ya kuchujia, ile inayokamua maji kutoka kwenye hamira. Tarehe 9 Agosti 1984 mashine iligoma. Msimamizi akaongeza presha, maji yakawa yanatoka tone tone tu, na tangi zima la hamira lilikuwa karibu kuharibika. Marehemu aliomba kuchungulia darubini ya maabara.

"Bosi, seli za hamira ya leo si za mviringo kama mayai. Ni ndefu, kama punje za mchele. Ukizikandamiza zinalaliana, maji yanakosa njia. Punguza presha."

"We mama wa vitambaa, umesomea wapi hayo?"

"Sijasomea. Nimeona."

Presha ikapunguzwa. Saa nane mchana tangi lilikuwa tupu, hamira yote imechujwa. Mwezi uliofuata alikabidhiwa mashine yenyewe, akaiendesha hadi alipostaafu mwaka 2011.

Tarehe 5 Juni 1976 alifunga ndoa na fundi bomba wa kiwanda hicho, babu yetu. Babu husimulia kwamba siku ya kumposa alimwambia, "Wewe ni mzuri kuliko wasichana wote." Akajibiwa, "Kwani umewaona wote?" Walijaliwa watoto wanne.

Sisi wajukuu alitulea kwa sheria moja: sema ulichoona, si ninachotaka kusikia.

Oktoba 2023 aliugua ini. Kila aliyekuja kumwona alimwambia, "Mbona umependeza!" Januari mwaka huu alimwita mjukuu wake, huyu anayewasomea, akamwuliza, "Nikoje leo, mjukuu wangu?" Shangazi alimkonyeza mjukuu kwa nguvu.

"Umekonda sana, Bibi. Na macho yamekuwa ya manjano."

Akamshika mkono. "Ahsante, mwanangu. Sasa niitie babu yako, tuna mengi ya kuagana."

Waliagana kwa wiki tatu. Alifariki Jumatano, tarehe 12 Februari 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Babu.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu tisa na kitukuu mmoja.

Pumzika kwa amani, Bibi. Tumesema tulichoona.