Berthe, Mwenye Kukalia Pikipiki

Nyinyi batu ya quartier Mususa, mulipotelea wapi? Centre de santé yetu, hii nyumba ya kutunza bagonjwa, hapana kuumaka mutu, mais munatufikiaka tu siku ya mazishi. Leo munakimbia kuja kwa sababu mulisikia harufu ya nyama ya kumuaga Berthe. Bon, mukae, musikie kwanza.

Infirmière Berthe, muuguzi wetu, ametumika miaka makumi tatu, na mwisho wa mwezi huu wa sita anaingia retraite, anaacha kazi apumuzike. Alianza kwa kupima batoto uzito. Bakamutuma Manguredjipa kushona vidonda ya bachimbaji ya dhahabu, akarudia Butembo na sauti kubwa kuliko ile alienda nayo. Tangu pale anapokea bagonjwa ya haraka, na njo anajulikana kwa kazi moja: kuzuia mugonjwa asikimbie.

Siku moja Mama Kanyere, muuzaji wa samaki ya Kyavinyonge, alifika akishika kifua. Dokta wetu Grady akapima moyo kwa machine, akapima na damu kuona kama moyo inaumia, akasema: jibu hapana muzuri, hapana mubaya, iko katikati, tutapima tena kisha masaa kidogo. Familia ikasikia tu «hapana mubaya». Bamama ya kwaya yake, benye kumusindikiza, bakaanza kuimba aksanti kwa Mungu pale kwenye kiwanja, shemeji akakamata kuku ya kushukuru, na Kanyere akapanda pikipiki ya taximan, maana tilapia yake ilikuwa inamungojea kwenye jua.

Berthe akatoka, akakalia pikipiki mbele yake. Na Berthe hapana mutu mwepesi: mupira ya pikipiki ikaisha pumzi, taximan akakimbia.

— Toka, Berthe, samaki yangu itaoza!

— Ioze! Samaki tutapata ingine. Moyo, utanunua ku soko gani?

— Mais dokta alisema hapana mubaya!

— Kanyere, ukionja maharagi ikiwa ngumu nusu, unaipakua? Ao unaimwaga? Unaiacha ku moto, unaonja tena. Damu pia ni vile. Hesabu yake ikipanda, moyo yako inaumia sasa hivi. Ikibaki pale pale, dokta atatafuta penye maumivu inatoka. Shuka!

Akashuka, akimutukana mpaka babu yake. Kipimo ya pili ilikuwa imepanda mbio. Dokta akaleta dawa, na dawa ikamukuta Kanyere angali anatukana. Kwaya ikageuza wimbo, ikaanza kuomba. Kuku nayo ikapata kuishi kidogo, mpaka siku Kanyere alitoka na miguu yake mwenyewe. Leo anauza samaki, na kila mununuzi anasikia vile Berthe aliharibu pikipiki ya batu.

Aksanti, Berthe, kwa hasira yako yote. Mungu akupe shamba yenye mvua, bajukuu ya kukusumbua, na usingizi isiyo na mutu wa kupiga hodi.

Na weye unayesikia: kifua ikikubana, hapana kungojea misa iishe. Kuja saa ile ile. Sema maumivu ilianza saa ngapi. Bakikuambia «katikati», uliza: mutapima tena wakati gani? Kisha ukae, mpaka bakupe jibu ya pili.