Lengelenge la Kisigino

Kinyozi alivua kiatu kabla basi halijaondoka kituoni. Alikuwa ametoka kwenye mbio zake za asubuhi, na kisigino kilikuwa kimetunga lengelenge nono kama zabibu. Alipochomoa pini kwenye kola ya shati, mama mmoja aliyeketi kando yake, muuguzi mstaafu asiyemjua, akamdaka mkono.

“Mwanangu, usilitumbue! Ngozi hiyo ndiyo kinga yake. Lifunike tu, upumzike mpaka likauke lenyewe.”

“Nipumzike? Mama, mimi kesho nakimbia.”

“Kwani unakimbizwa na nani?”

Abiria wa nyuma wakacheka. Kinyozi naye akacheka kidogo, kisha akakiinamia kiatu chake. “Na nyumba. Tangu mke wangu afariki, asubuhi pale pamenyamaza, hata saa ya ukutani inanipigia kelele. Nikikimbia, angalau nasikia pumzi zangu.”

“Pole sana, baba. Lakini mguu haujui msiba. Ukioza, utakimbilia nini?”

“Nitachechemea.”

“Una kichwa kigumu wewe!”

Basi likasimama kwenye kituo alichopaswa kushuka kinyozi. Kondakta akaita, akaita tena. Hakuinuka. Ulikuwa umepita muda mrefu hajagombezwa na mtu.

“Enhe, mama,” akasema. “Endelea.”