Mwambire Chengo Randu na Msafara wa Mashua Kumi na Moja

Mchungaji, wazee wa ukoo, masheikh na akina mama mliotoka Mambrui asubuhi na mapema, mwenyekiti na wanachama wa Klabu ya Tanga Jeupe ya Kilifi, majirani wa Barani na wa hapa Vitengeni, wakubwa shikamooni, na wengine wote hamjambo. Mimi ni Kadzo Chengo, mwalimu mstaafu, dada anayemfuata marehemu kwa kuzaliwa, na nimepewa kazi hii kwa sababu inasemekana mimi silii mbele za watu. Sehemu kubwa ya haya nitakayosoma alinieleza mwenyewe kitandani mwezi wa tisa, mimi nikiandika, kwa maana mwandiko wake ulikuwa mbaya tangu darasa la pili.

Kabla sijaanza, familia imenipa ruhusa niseme jambo moja wazi. Ndugu yangu aliacha agizo kwamba habari ya Jumamosi ya tarehe 25 Februari 2012 isomwe leo bila kupunguzwa, ama historia yake isisomwe kabisa. Mwanawe Chengo alipinga, akasema mazishi si mahakama, na hoja yake ina uzito, lakini wifi yangu Caroline alisema kuwa mume wake ametafuta radhi ya mtu mmoja kwa miaka kumi na mitatu, ameondoka hajaisikia, na si haki kuificha sababu siku ya kumzika. Mtu huyo ni Bi Nana, mjane wa Nahodha Abdurahman Zayd wa Mambrui, naye tunaye hapa nyumbani, ameketi na akina mama. Tunamshukuru kwa kufika.

Marehemu Mwambire Chengo Randu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa hapa Vitengeni, mtoto wa tatu wa hayati mzee Chengo Randu na hayati mama Mbodze, na kwa kuwa wawili waliomtangulia walifariki wakiwa wachanga, alilelewa kama kifungua mimba, pamoja na kiburi chake chote. Maji tuliyoyajua utotoni yalikuwa ya bwawa, tukiyanywa kwa zamu na mbuzi, na hadi alipotimiza miaka kumi na minane hakuwa ameiona bahari, jambo ambalo wanachama wa klabu hawakuwahi kulisadiki.

Alianza masomo katika shule ya msingi ya Vitengeni mwaka 1966 na akamaliza mwaka 1973, akiwa wa kwanza katika hesabu na wa mwisho katika subira. Mwaka 1976 aliteremka Kilifi, akaajiriwa katika kiwanda cha korosho kama mhesabu magunia, kazi aliyoifanya miaka kumi na miwili. Mwezi wa Mei mwaka 1988 aliingia Klabu ya Tanga Jeupe, kwanza kukwangua makombe yaliyogandamana chini ya mashua, kisha mtunza stoo, na mwaka 1996 akawa karani. Kuogelea alijifunza akiwa na miaka thelathini na mmoja, akiwa amefungwa kamba kiunoni na kuvutwa kama mbuzi wa mnada, watu wakicheka ukingoni, naye hakuona haya. Tarehe 1 Januari 2001 aliteuliwa kuwa mratibu wa misafara, na hiyo ndiyo kazi aliyojulikana nayo.

Kwa wasioielewa kazi hiyo, nitaieleza kama alivyonieleza. Msafara ni mashua nyingi za wanachama kutoka mahali pamoja na kufika mahali pamoja, na ukiwa umekaa ndani yake ukinywa chai huoni kazi iko wapi. Mwambire alianza miezi minne kabla, akitazama kitabu cha maji kujaa na kupwa, akiandika orodha ya mashua na mwendo wa kila moja, akienda Malindi kuomba nafasi ya kutia nanga, akiagiza maji, barafu na wali wa nazi wa watu themanini, na jioni ya kuamkia safari aliwakusanya manahodha chini ya makuti, akawasomea masharti, na hakuna aliyefunguliwa chupa kabla hajamaliza. Sharti la kwanza lilikuwa kwamba mashua ya mbio haimwachi wa pole. Wenye mashua za mbio walinung'unika kila mwaka, naye kila mwaka aliwajibu kwamba mwenda pole hajikwai, na kwamba asiyetaka kungoja wenzake anaweza kwenda Malindi peke yake siku nyingine, bahari haijafungwa.

Alifunga ndoa na Caroline Ngowa tarehe 20 Desemba 1986 kanisani Kilifi, na Mungu akawajalia watoto watatu, Cynthia aliyezaliwa mwaka 1988, Chengo mwaka 1991 na Ngowa mwaka 1995, na wajukuu watano ambao alikuwa akiwachanganya majina. Alikuwa baba mkali kwa mambo madogo na mpole kwa makubwa, na wifi yangu ameniomba niongeze kwamba hakuwahi kuosha kikombe hata kimoja katika miaka thelathini na minane, nami nimeongeza.

Sasa nasoma habari ya Jumamosi ile. Alfajiri ya tarehe 25 Februari 2012 mashua kumi na moja zilitoka Kilifi kwenda Malindi, Mwambire akiwa katika ile ya mbele ili apange nafasi za nanga. Mashua iitwayo Subira ilikuwa na wanachama wawili, mume na mke, na nahodha wao wa kukodiwa, Abdurahman Zayd, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, mtu aliyeijua milango yote ya miamba kutoka Kilifi hadi Mambrui. Kanuni ilikuwa kwamba mratibu akifika huita kila mashua kwa redio, kwa jina lake, moja baada ya nyingine, na haruhusu boti ya uokoaji kuondoka hadi zote zijibu. Siku ile, saa saba na dakika arobaini mchana, Mwambire alisimama gatini Malindi, akahesabu milingoti, akapata kumi na moja, akafurahi, akapandisha bendera ya kuonyesha kwamba wote wamefika, na akawaruhusu watu wa boti ya uokoaji waende wakale. Majina hakuyaita. Orodha ilikuwa mfukoni.

Mlingoti wa kumi na moja ulikuwa wa wageni. Mashua moja ya Watamu, isiyo ya klabu, iliona msafara ukipita, ikaufuata nyuma bila kumwambia mtu, kama mtu anavyoona arusi yapita akaingia. Subira ilikuwa imebaki mbali nje ya Mayungu, kamba imejisokota kwenye rafadha ya injini, redio imeingia maji. Abdurahman aliingia baharini kuikata kamba, wimbi likaiinua mashua na kuishusha, ikampiga kichwani, na wale wawili wakampandisha kwa shida, wakakaa wakipunga nguo kwa watu ambao hawakuwa wakiwatafuta.

Kosa lilijulikana saa kumi na robo alasiri, wakati wa chakula, kila mashua ikiwa na meza yake, pale wageni wa Watamu walipokuja kwa adabu kumuuliza Mwambire kama na wao wana mahali pa kukaa. Aliniambia kwamba aliikimbilia boti ya uokoaji. Subira ilipatikana saa kumi na mbili kasorobo, na Nahodha Abdurahman alifariki wakirudi naye, kabla ya kufika nchi kavu. Daktari alisema kwamba baada ya pigo lile aliishi kiasi cha saa tatu, na kwamba hawezi kuapa kama angepona akiwahiwa. Ndugu yangu hakumuuliza tena, alijijibu mwenyewe.

Kamati ya klabu ilikaa tarehe 10 Machi, ikaandika kwamba ni ajali, ikalaumu redio na ile mashua ya Watamu. Mwambire aliomba jina lake liandikwe, ikakataa. Watu walimfariji kwa kumwambia ajali haina kinga, na huo ndio msemo pekee niliowahi kumwona akiukasirikia, kwani alisema hii ilikuwa na kinga, alikuwa nayo mfukoni. Alitaka kuacha kazi, mwenyekiti hakukubali, akabaki kwa sharti moja, kwamba tangu siku hiyo haziitwi mashua, wanaitwa watu, kila mmoja kwa jina lake, na kila mmoja ajibu kwa sauti yake mwenyewe. Wanachama walimbandika jina la Mwalimu wa Zamu. Mwaka 2019 mmoja wao, simtaji kwa sababu yupo na ameleta shada zuri, alikataa kujibu kwa kuwa alikuwa akila, na Mwambire akazizuia mashua tisa kwenye nanga kwa dakika arobaini hadi aliposikia sauti yake. Alistaafu mwaka 2018 na kuhamia Barani, lakini aliendelea kuitwa kuongoza misafara hadi mwaka 2023, na kati ya msafara ule na huo wa mwisho aliongoza mingine ishirini na mitatu, na hakuna mtu aliyeachwa tena.

Jumamosi ya tarehe 14 Aprili 2012, saa nne asubuhi, alikwenda Mambrui kwa mara ya kwanza, peke yake, nyumbani kwa Bi Nana. Alipokewa, akakaribishwa barazani, akapewa kahawa na haluwa, akaeleza alilofanya bila kuacha kitu, na alipoinuka akaomba radhi. Bi Nana alimwambia nenda salama, Mwambire. Alirudi Februari iliyofuata, na kila Februari baada ya hapo, mara kumi na nne kwa jumla, na kila mara alikaa tangu asubuhi hadi adhuhuri, akimsimulia mambo ya Abdurahman baharini, alivyosoma maji kwa rangi, alivyowatania wanachama wanaotapika, alivyokataa katakata kula samaki wa kopo, na kila mara akiinuka aliomba radhi, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Mara ya mwisho ilikuwa Februari mwaka huu, tayari mgonjwa, Cynthia akimwendesha. Alipotoka na kuingia garini alimwambia binti yake kwamba mwaka ujao huenda akaipata.

Marehemu alianza kuugua mwezi wa Agosti 2024, akagunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume iliyokuwa imefika kwenye mifupa, akatibiwa Malindi na Mombasa, akapata nafuu, kisha mwezi wa tisa mwaka huu hali ikabadilika. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, mikononi mwa mkewe, akiwa na umri wa miaka sitini na saba na miezi saba.

Kwa niaba ya familia namshukuru Daktari Mumbua na wauguzi wake, ambao walimvumilia alipowaita kwa majina kila zamu ilipobadilika, majirani wa Barani waliopika na kulala nasi kwa siku tisa, Mchungaji na kanisa, vijana wa Vitengeni waliochimba kaburi kwenye jua hili, mwenyekiti wa klabu Bwana Thuku na wanachama wote waliogharimia gari la kumleta nyumbani. Kama kuna niliyemsahau, anisamehe, nimezeeka.

Limebaki neno moja ambalo halikuwa katika karatasi hizi hadi leo asubuhi. Bi Nana alipofika alituita chumbani, wifi yangu na mimi, na akataka alilolisema lisomwe mbele ya watu kama alivyolisema, basi nililiandika naye akilitamka, na hili hapa.

"Mwambire radhi nilimpa siku ile ya kwanza alokuja, kikombe cha kahawa hajakimaliza. Sikumwambia. Nilihofu nikimwambia harudi tena, na wanangu hawataki kusikia habari za baba yao, huumia. Hapana mwengine alokuwa akinisimulia Abdurahman ila yeye. Nikamnyima neno lake nipate kusikia yangu, kila mwaka nikisema, mwakani nitamwambia. Hilo ni kosa langu mimi, na leo mimi ndimi niombaye radhi kwake, na kwa mkewe, na kwa wanawe."

Nilipolisikia nilikasirika, sifichi, kwa sababu nilimwona ndugu yangu akikonda kwa neno ambalo lilikuwa tayari. Nikatoka nje. Niliporudi nilimkuta Caroline amemshika Bi Nana mikono miwili, wanalia wote, na Caroline akaniambia niandike kwamba familia imempa radhi. Nimeandika.

Mwambire, kaka yangu, rekebisho katika historia yako ni hili. Ulisamehewa Jumamosi tarehe 14 Aprili 2012, saa nne asubuhi, Mambrui. Pumzika sasa, kwa amani.