Binti wa Waqo na Godoro la Nairobi

Juu ya lori la mbuzi kutoka Garbatulla, mzee Waqo alimwonyesha Kagwiria, muuzaji wa miraa, fomu ya shule. Binti yake Ikra, bingwa wa kaunti wa kuruka juu, ameitwa kambi ya mazoezi Nairobi. Baba aweke sahihi leo.

"Sasa unangoja nini, mzee?"

"Mama, huyu binti alijifunza kwa kuruka boma ya miiba, macho mbele. Huko ataruka mgongo mbele! Mtu anarukaje mahali haoni?"

"Si kuna godoro la kuangukia?"

"Na siku godoro haiko?"

Kagwiria alicheka. Hata mimi, utingo wa lori niliyelala chini kaunti nyingi, nikasogea karibu nisikie.

Lori lilisimama Isiolo. Mzee akaomba kalamu, akaishika tu. "Kwanza niambie, mama. Hiyo godoro umeiona na macho yako?"